Akiba Haiozi? Hii Yetu Ilioza Kimya Kimya

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, wasomaji wangu, na leo narudi na hasira. Anayetaka makala ya amani aende kwa jirani. Leo nagombana na watu wa aina tatu. Wa kwanza ni wale wanaosema "apdeti imeharibu kompyuta". Wa pili ni wale wanaosema "zima huo ulinzi, itakubali". Wa tatu ni wale wanaosema "bekapu ipo" na hawajawahi kuifungua hata siku moja. Hawa wa tatu nawafahamu sana. Hadi Januari 2026 nilikuwa mwenzao.

Nianze na kisa, maana bila kisa mtadhani nahubiri tu.

Novemba 2025 nilitumwa Tanga kuandika juu ya mashamba ya mkonge. Huko nikakutana na mzee mmoja aliyeanza kukata mkonge akiwa kijana mdogo, na aliyekuwapo shambani serikali ilipotaifisha mashamba baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mzee alikaa nami siku mbili. Alinieleza jinsi walivyohesabiwa matita ya majani, jinsi kengele ya alfajiri ilivyolia kambini, nani alilipwa nini na nani alidhulumiwa. Akaimba pia. Nilirekodi saa nne na ushee, mafaili manne ya sauti.

Gazetini zilitoka sentensi zake tatu. Ndiyo magazeti yetu haya, tangazo lilikuja dakika za mwisho likala nafasi. Sikujali sana. Nilijiambia sauti ninayo, ipo siku nitaandika makala ndefu. Nikahamishia mafaili kwenye kompyuta ya mezani kwangu, nikafuta kila kitu kwenye rekoda, kwa sababu rekoda ni ya ofisi na mwenzangu alikuwa ameshasimama mlangoni anaisubiri.

Wiki ya kwanza ya Januari mzee akafariki. Binti yake, mama wa makamo, akanipigia simu. Nikamwamkia, nikampa pole. Akasema, "Mwanangu, ile sauti ya baba bado unayo? Wajukuu wanaitaka." Nikajibu kifua mbele: "Ipo mama, usiwe na shaka. Ofisini kwetu kuna bekapu."

Jumatatu iliyofuata kompyuta yangu haikuwaka. Diski ilikuwa inagonga tu ndani, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Mnajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwambia fundi wetu wa kompyuta, "Kaka, nitolee mafaili yangu kwenye sanduku." Sanduku ndivyo tunavyokiita kile kifaa chenye diski mbili ndani, kimechomekwa kwenye mtandao wa ofisi, kinapepesa taa za kijani usiku na mchana. Kazi yake ni moja: kila usiku saa nane kompyuta zetu humwaga humo nakala za kazi za siku hiyo.

Fundi akafungua folda yangu. Akanyamaza. Nikasogea kuangalia. Faili la mwisho lilikuwa la usiku wa Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025. Baada ya hapo, hakuna kitu. Novemba yote hakuna. Desemba hakuna. Mzee wangu wa mkonge hakuwahi kufika kwenye lile sanduku.

Duh.

Sasa sikilizeni kilichotokea tarehe 16 Oktoba. Mnakumbuka kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida. Asiyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza ya muda hapati tena viraka vya usalama. Ofisi yetu, kama kawaida ya ofisi nyingi, ilisubiri hadi wiki ile ile ndipo ikaanza kupandisha kompyuta kwenda Windows 11. Yangu ilikuwa ya kwanza kwenye foleni. Alhamisi asubuhi ikapandishwa. Ikawaka vizuri, menyu imehamia katikati, watu wakaja kushangaa. Intaneti ipo, printa inachapa, kila mtu ana furaha. Hakuna aliyekumbuka kuuliza swali moja dogo: leo usiku, bekapu itapita?

Basi habari ilipozagaa, chumba cha habari kizima kikapata jibu moja: apdeti imeharibu. Na walikuwa na ushahidi! Kompyuta ya dawati la usanifu wa kurasa, ambayo ilikuwa haijapandishwa, iko kwenye Windows 10, bado inamwaga nakala zake bila tatizo kwenye sanduku lile lile. Mnaona? Sanduku zima, waya zima, ya zamani inafanya kazi, mpya haifanyi. Hukumu imetoka.

Hapo ndipo ninapotaka kugombana na wale wa kwanza. Hebu tuangalie apdeti ilibadilisha nini hasa.

Kompyuta za Windows zinapoombana mafaili kwenye mtandao wa ofisi hutumia lugha inayoitwa SMB. Ni ya kale kuliko mimi. Barry Feigenbaum aliibuni pale IBM mwaka 1983, zama ambazo kompyuta za ofisi moja ziliaminiana kama ndugu wa nyumba moja. Ndani ya lugha hiyo kuna desturi ya kumruhusu "mgeni": mtu anabisha bila jina wala nywila, mwenye nyumba anasema karibu. Sanduku letu lilifungwa hivyo. Aliyelifunga aliona nywila ni usumbufu kwa waandishi, na waandishi tukamshukuru. Folda moja kubwa, mlango wazi, yeyote aliye kwenye mtandao wa ofisi anaingia.

Toleo la Windows 11 linaloitwa 24H2, lililotoka Oktoba 2024, lilibadilisha mambo mawili kwa kompyuta za aina ya Pro kama zetu. La kwanza, kompyuta haikubali tena kuingia kwenye folda ya mtandao kama mgeni. La pili, inadai kila ujumbe kati yake na sanduku uwe na saini. Fikiria bahasha iliyopigwa lakiri: ukiipokea na lakiri imevunjika, unajua kuna mtu katikati ameichezea. Na hapa ndipo mambo mawili yanaposhikana. Ufunguo wa kupigia lakiri hiyo hutokana na nywila ya aliyeingia. Mgeni hana nywila. Kwa hiyo mgeni hawezi kupiga lakiri hata akitaka. Kompyuta yangu mpya ikaliendea sanduku, sanduku likasema "pita tu, mgeni", kompyuta ikakataa kupita.

Kwa lugha nyingine, mlinzi mpya amefika getini, amekuta geti halina kitasa, akagoma kuingiza mali. Na sisi tunamlaumu mlinzi!

Msinielewe vibaya, simtetei tajiri wa Marekani. Lakini mabadiliko haya hayakuja usiku kama mwizi; Microsoft waliyatangaza kwa maandishi kabla, na wakataja wazi kwamba masanduku ya aina hii yatapata shida. Na sababu ipo. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la toleo la zamani kabisa la lugha hii hii ya SMB, kikafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi 2017, miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao walikuwa hawajakiweka. Tangu hapo milango ya SMB inafungwa mmoja mmoja.

Wala si Windows peke yake. Julai 2011 Apple walipotoa mfumo wa Lion, waliachana na njia ya zamani ya kuingia kwenye masanduku ya mtandao, na bekapu za Time Machine kwenye masanduku mengi ya kampuni nyingine zikakwama hadi watengenezaji walipotoa programu mpya. Hadithi ile ile. Kila mfumo unapopandishwa, kitu cha kwanza kukatika ni kile kilichokuwa kinaning'inia kwa uzi wa zamani. Na bekapu ya mtandao ndiyo huning'inia kuliko vyote, kwa sababu inategemea makubaliano ya pande mbili, na umepandisha upande mmoja tu.

Tuje kwa wale wa pili. Hawa ndio wananitisha.

Siku ile ile fundi wetu alikuwa na dawa mkononi. Amri mbili tu, zinazunguka mitandaoni kama dawa ya kikohozi. Ya kwanza inairuhusu kompyuta imkubali tena mgeni. Ya pili inaiambia isidai saini. Dakika tatu, mchezo umekwisha, watu wakapige chai. Mhariri akasema, "Si ndiyo hiyo? Weka kwenye kompyuta zote."

Niseme kweli, amri hizo zinafanya kazi. Fundi hakudanganya, na kwa mtu anayetaka kutoa mafaili usiku mmoja kutoka kwenye kifaa kinachokufa, naweza kumwelewa. Lakini tuulizane, ndani ya sanduku lile mna nini? Mna sauti za watu waliozungumza nasi kwa masharti ya kutotajwa. Mna picha za hati ambazo mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa kutupatia. Mna namba za simu za watoa habari. Na mtandao wetu wa ofisi, wasomaji wangu, nywila yake imebandikwa ukutani mapokezi. Kila mgeni anayekuja kusubiri mahojiano anaipiga picha. Kijana yeyote aliyekaa kwenye kochi la mapokezi na kompyuta mpakato angeweza kufungua folda yangu akasikiliza kila kitu. Miaka yote hiyo. Akipenda, anafuta.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sisi tunaiandika kwenye kurasa za mbele wengine wanapoivunja. Halafu nyumbani kwetu tunaambiwa apdeti imefunga mlango, na jibu letu ni kuuvunja?

Kuna pia kundi dogo la tatu-na-nusu linalosema tubaki Windows 10 milele. Hao nitawajibu kwa sentensi moja: bekapu yako itaendelea kupita, pamoja na kila kitu kingine kinachotaka kupita.

Sasa wale wa aina ya tatu. Sisi. Kwa sababu hata kama mlinzi alikuwa na haki ya kugoma, kwa nini wiki kumi na mbili zipite bila mtu kujua kwamba amegoma?

Nililazimisha nionyeshwe. Nikakaa na fundi jioni nzima mbele ya kompyuta ya mwenzangu iliyopandishwa siku moja na yangu, na ambayo diski yake ilikuwa bado hai. Nawaeleza tulivyotafuta, hatua kwa hatua, maana ugonjwa huu mnao na ninyi.

Kwanza tukaliita sanduku kwa namba yake kwenye mtandao. Likaitika. Basi waya na swichi hazina kosa. Pili tukajaribu kulifungua kwa mkono kwa jina lake. Hapo ikatoka kwenye skrini sentensi ndefu inayosema sera za usalama za taasisi yako zinazuia mgeni asiyejitambulisha. Namba ya kosa hilo ni 1272. Kwa hiyo jibu lilikuwapo siku zote! Lilikuwa linamsubiri mtu yeyote aje kubisha. Hakubisha mtu, kwa sababu hakuna anayelifungua sanduku kwa mkono. Kazi hufanywa na mashine saa nane usiku.

Tatu, na hapa ndipo nilipochoka, tukafungua programu ya ratiba ndani ya Windows tuone kazi ya bekapu inasemaje. Nilitegemea nione neno "imeshindwa", jekundu, mara themanini. Haikuwa hivyo. Iliandikwa "inaendelea".

Inaendelea! Saa kumi na moja jioni, bekapu ya saa nane usiku inaendelea?

Nne, tukafungua kijiprogramu chenyewe. Mistari michache, inatumia Robocopy, chombo cha kunakili mafaili ambacho kimo ndani ya Windows tangu enzi za Vista. Ni chombo kizuri sana. Lakini kina tabia moja: usipokipa maelekezo, kikishindwa kunakili kinasubiri sekunde 30 halafu kinajaribu tena, na idadi ya kujaribu ni mara 1,000,000. Pigeni hesabu wenyewe. Sekunde milioni 30 ni siku 347. Kwa faili moja. Aliyeandika kijiprogramu chetu hakuweka kikomo. Kwa hiyo kila usiku kazi ilikuwa ikiamka, ikikataliwa mlangoni, ikikaa kizingitini kubisha kila nusu dakika. Baada ya siku tatu programu ya ratiba ikaiua, maana ndiyo kawaida yake kwa kazi iliyozidi muda, usiku uliofuata ikaanza upya. Haikuwahi kumwambia mtu "nimeshindwa". Fundi kila alipopitisha macho aliona "inaendelea" na taa za kijani, akaenda zake. Ningekuwa mimi ningeenda vilevile.

Na hata kama ingemaliza, nani alikuwa anasoma jibu? Robocopy ikimaliza hutoa namba. Chini ya 8, kazi imekwenda. 8 na kuendelea, kuna kilichofeli. Namba yetu ilikuwa inatupwa hewani. Hakuna barua pepe, hakuna ujumbe wa simu, hakuna karatasi ukutani.

Msidhani huu ni ushamba wa ofisi ndogo ya Dar. Tarehe 31 Januari 2017, kwenye kampuni ya GitLab inayohifadhi kazi za waandika programu ulimwenguni kote, mhandisi mmoja alikuwa amechoka usiku akihangaika na hifadhidata. Akafuta folda kwenye seva ambayo siyo. Alipostuka, kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5. Wakakimbilia bekapu. Walikuwa na njia tano, na wenyewe waliandika kwamba hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Mojawapo ilikufa kwa ugonjwa wetu: hifadhidata ya PostgreSQL ilishapandishwa hadi toleo la 9.6, lakini programu ya kunakili ilikuwa bado inaitwa ya 9.2. Matoleo hayakulingana, ikawa inafeli kila ikiamka. Na barua pepe za kutoa taarifa ya kufeli zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua kabla hazijamfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliipiga kwa mkono muda wa saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wakapoteza kazi za saa hizo sita. Nawaheshimu kwa jambo moja: waliandika yote hadharani bila kumtupia lawama mtu mmoja. Ofisi ngapi za kwetu zingethubutu?

Kuna na balaa la upande wa pili. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za watafiti kwenye kompyuta yake kubwa. Si kwa sababu bekapu ilikataa kufanya kazi, bali kwa sababu kijiprogramu cha bekapu kilisasishwa kikaanza kufuta visivyotakiwa kufutwa. Niliposoma hiyo nilirudi kutazama mistari yetu tena, nikakuta neno /MIR. Maana yake ni "fanya kioo": chochote kisichopo kwenye kompyuta, kifute na kwenye sanduku. Yaani siku kompyuta yangu ingewaka na folda tupu, bekapu ingeitii ikafuta hata yale ya Oktoba. Hicho si kioo, ni kisu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wanasema juu ya kitu ambacho mtu alikifungua akakiona. Mwenye ghala la mahindi hupanda ghalani, akaingiza mkono, akanusa kama kuna fukusi. Sisi tumeweka mahindi ghalani, tumefunga mlango, tukawa tunaangalia taa ya nje.

Haya, nisije nikaonekana mtu wa kulaumu tu. Tulifanya nini hatimaye? Amri mbili za fundi tulizikataa. Kwa kweli yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzikataa alipoambiwa kwamba kuna njia ya saa mbili na ofisi itampa hizo saa mbili. Hapo ndipo nilipojua kwamba mafundi wetu hawapendi njia za mkato. Wanapewa muda wa njia za mkato.

Tulianza kwa kusasisha programu ya ndani ya sanduku lenyewe, ambayo haikuguswa tangu linunuliwe. Tukazima lugha ya SMB ya kwanza, tukaacha ya pili na ya tatu, tukawasha saini upande wa sanduku. Tukamfuta mgeni. Tukaunda jina maalumu la bekapu lenye nywila ndefu, na kila mwandishi akapata folda ambayo mwenzake haioni.

Kisha kosa ambalo lingetunasa mara ya pili. Kijiprogramu kilikuwa kinaandika kwenye diski inayoitwa Z, ile unayoiona kwenye kompyuta kama diski ya kawaida kumbe ni folda ya mtandao. Herufi hiyo huwa ni ya mtu aliyeingia kwenye kompyuta. Kazi inayoamka saa nane usiku chini ya jina la mfumo wenyewe haina habari na Z yako, wala na nywila uliyoihifadhi wewe. Ukijaribu kwa mkono mchana, inakubali. Usiku inafeli. Watu wameacha nywele zao kwenye kosa hili. Dawa ni kuandika njia kamili ya sanduku badala ya herufi, na kuiendesha kazi kwa jina lenye haki ya kuingia huko.

Tukaweka kikomo: ijaribu mara tatu, isubiri sekunde kumi, ikishindwa iseme. Neno /MIR tukaling'oa. Namba ikifika 8, barua pepe inakwenda kwa watu wawili, fundi na mimi. Na barua inakuja hata bekapu ikifanikiwa, kwa sababu tumejifunza kwamba ukimya si habari njema. Asubuhi nisipopata barua, nauliza.

Najua kuna mtu ameshapandisha mabega: "Si uweke kwenye wingu tu?" Weka, ndugu yangu, na mimi naweka. Lakini folda inayojilinganisha na wingu ukiifuta faili huku inalifuta na kule, na saa nne za sauti zikipanda kila siku kwa bando la mfukoni utalia. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeipa umaarufu kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Nje ya jengo inaweza kuwa wingu, inaweza kuwa diski inayolala nyumbani kwa mhariri. Sitagombana na mtu kwa hilo.

Ninachogombania ni kimoja. Bekapu si sanduku. Bekapu si taa ya kijani, wala risiti ya ununuzi iliyoko kwa mhasibu. Bekapu ni faili lililorudi. Kama hujawahi kulirudisha, hujui kama unalo. Na siku unayopandisha mfumo, yote uliyokuwa unayajua juu ya bekapu yako yamekwisha muda wake. Anza kujua upya usiku huo huo. Sisi sasa kila Ijumaa mtu mmoja anachagua faili lolote la mwenzake, anamwomba fundi alirudishe kutoka kwenye sanduku, na mwenye faili anahakikisha linafunguka. Dakika kumi. Wiki ya pili tu tulikuta folda moja haimo. Dakika kumi!

Mtauliza, na sauti ya mzee?

Diski ilikwenda kwa mafundi wa kuokoa data. Wakarudisha mikono mitupu. Nilikaa siku mbili sijampigia yule mama. Halafu nikakumbuka kwamba nilipokuwa Tanga nilimtumia mwenzangu kipande kwa WhatsApp, nikijisifu: "Sikiliza mzee anavyoimba." Akakitafuta kwenye simu yake. Kilikuwapo. Dakika sita na sekunde chache, na nusu yake ni jogoo anawika nyuma.

Nikampigia mama. Nikamweleza ukweli, kwamba nilimwambia ipo kabla sijaangalia. Hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hizo sita nitumie, mwanangu." Nikamtumia.

Saa nne za mtu aliyefanya kazi maisha yake yote, zikaishia dakika sita, kwa sababu watu wazima wenye digrii tuliridhika na neno "inaendelea". Kwa hiyo usije kuniambia apdeti imeharibu. Usije kuniambia zima ulinzi. Na kama unataka kuniambia bekapu ipo, nenda kwanza ukarudishe faili moja, la Novemba, lifungue, ndipo urudi tuongee.

Nawasilisha. Mwenye kunipinga na anipinge kwa hoja.